Kutoka kijiweni hadi chumba chake: mwongozo kwa anayemsaidia mwanaume asiye na makazi Dar es Salaam

Mwongozo huu nawaandikia vijana wa msikiti au wa parokia wanaogawa chakula usiku, majirani wanaomwona mtu yuleyule kila siku kwenye kibaraza cha duka, ndugu wanaomtafuta kaka yao, na asasi ndogo za mtaani zisizo na gari wala mfadhili. Namzungumzia mwanaume mtu mzima ambaye kulala nje ni shida yake mojawapo tu. Anavuta au anajidunga unga, yaani heroini, au anakunywa gongo tangu alfajiri. Pengine anasikia sauti. Ana kikohozi ambacho hakijapimwa na kidonda mguuni, hana kitambulisho, na kwao aliondoka kwa ugomvi.

Mwenye shida moja hupata mlango wa kubisha. Mwenye shida tano huzungushwa. Hospitali inamwambia aache unga kwanza, ndugu wanamwambia apone kwanza, mwenye nyumba anataka kitambulisho, na ofisi ya vitambulisho inataka barua ya mtaa anaoishi. Mipango mingi ya misaada nayo haikumfikiria. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia maskini, huhesabu kaya, na yeye hana kaya. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwanaume wa miaka hamsini anayelala peke yake stendi, asiye na ulemavu unaotambuliwa, hamo kwenye mafungu hayo.

Kinachokwamisha wengi wanaojitolea ni mpangilio. Mazoea yetu ni kusema: aache kwanza, atibiwe, apate kazi, ndipo apangishiwe. Mwaka 1992, mjini New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza kuwapa watu wa barabarani nyumba tangu mwanzo bila sharti la kuacha pombe au dawa, kisha huduma zikawafuata huko huko nyumbani. Finland ilifanya njia hiyo kuwa sera ya taifa kuanzia 2008. Sisi hatuna nyumba za umma za kuwagawia watu, lakini hoja yenyewe inatufaa: mtu hawezi kumeza dawa kwa saa, kulala, wala kutunza karatasi akiwa hana pa kufungia mlango. Chumba kije mapema, pale tu matibabu yanapoanza kushika. Na anayemsaidia asiondoke siku ya kukabidhi ufunguo, kwa sababu miezi ya kwanza chumbani ndiyo inayowaangusha wengi.

Mteueni mmoja wa kubaki naye

Kikundi kikiamua kumsaidia mtu, kila mmoja hushika kipande chake. Huyu analeta chakula, yule anampigia shangazi yake, mwingine anampeleka zahanati. Baada ya wiki mbili jamaa ameshasimulia maisha yake kwa watu wanne na ameahidiwa mambo manne yasiyofanana. Mteueni mmoja awe ndiye wake, na wa pili wa kumshikia nafasi akiumwa au akisafiri. Huyo mmoja awe na daftari moja lenye tarehe za kliniki, majina ya dawa, namba za simu za ndugu, na kila fedha iliyotolewa kwa ajili yake. Mhusika ana haki ya kulifungua daftari hilo wakati wowote, na kama hajui kusoma, asomewe.

Ahadi iwe ya mwaka mmoja kwa uchache. Kama kikundi hakiwezi kuahidi mwaka, kiendelee na chakula na kuwaelekeza watu hospitali. Hiyo nayo ni kazi njema. Kumtoa mtu barabarani na kumwachia katikati humfanya asimwamini wa pili atakayekuja.

Kumzoea

Mzee wa miaka sitini aliyelala juu ya boksi Kariakoo ni mzee. Mwamkie shikamoo, ngoja aitikie, kisha keti chini au chuchumaa, usimsemeshe ukiwa umemsimamia kichwani. Kijana mwenzako mwite kaka. Usimwite teja hata kama yeye mwenyewe anajiita hivyo.

Kila kijiwe kina mkubwa wake, hata pale unapoona watu wamelala hovyo tu. Jitambulishe kwake mapema, ueleze umetoka wapi na unakuja kufanya nini, la sivyo utadhaniwa askari kanzu, na utakayemsogelea ndiye atakayeumia ukishaondoka. Nendeni wawili, mchana, bila kamera. Picha za kuonyesha wafadhili zimewafungia vikundi vingi milango.

Saa ya kwenda ina maana kubwa. Mtu wa unga asubuhi yuko kwenye arosto: anapiga miayo, makamasi na machozi yanamtoka, tumbo linamkata, miguu haitulii. Wakati huo atakubali lolote utakalosema ilimradi apate fedha ya kete, na jioni hatalikumbuka. Akishapata tu, anasinzia huku mnaongea. Kipindi kinachofaa ni saa moja au mbili baada ya hapo, arosto imekata na usingizi umepungua. Kwa wengi ni kati ya saa nne na saa sita mchana, lakini kila mtu ana ratiba yake, nawe utaijua kwa kwenda mara kwa mara. Kwa mnywaji wa gongo ni kinyume: asubuhi na mapema, kabla hajalewa, ingawa mikono inatetemeka.

Usianze kwa kumuuliza aliingiaje kwenye dawa. Muulize leo amekula wapi, mvua ikinyesha analala wapi, nani anamtunzia vitu vyake, kidonda kinaumaje. Kisha muulize anataka nini kwanza, na umfanyie hicho hata kama wewe ulikuwa na jambo kubwa zaidi. Anaweza kutaka ndala, kunyolewa, au kumpigia mama yake aliyeko Tanga. Akiomba fedha taslimu na unajua itaishia kwenye kete, mwambie waziwazi kwamba fedha hutoi, lakini chai na chapati kwa mama ntilie pale mtakula pamoja.

Yanayoua upesi

Kabla ya kufikiria chumba, angalia mambo manne.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kukonda: apelekwe kupimwa kifua kikuu. Vipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Palepale aombe na kipimo cha VVU, maana maradhi hayo mawili hufuatana, na dawa za VVU pia ni bure.

La pili ni pombe. Wengi hudhani kukata unga ghafla ndiko kunakoua na kukata pombe si kitu, kumbe arosto ya unga inatesa sana lakini mara chache humwua mtu mzima mwenye afya ya wastani, na pombe ndiyo ya kuogopa. Aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka akiacha kwa mkupuo anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, homa ikapanda. Asiachishwe kwa kufungiwa ndani wala kwa kuapishwa. Pombe aiache akiwa hospitalini, chini ya daktari, na apewe vitamini B1 mapema ili kuulinda ubongo.

La tatu ni kuzidisha unga. Ukimkuta mtu haamki, midomo imekuwa ya bluu au kijivu, anapumua kwa kukoroma au mara moja moja, mwite kwa sauti na msugue kifuani kwa ngumi. Asipoitikia, mpulizie pumzi mdomoni, na mwenzako atafute usafiri wa hospitali. Akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu. Maziwa, maji ya baridi na sindano ya maji ya chumvi havisaidii na vinaweza kumwua. Dawa ya kumzindua inaitwa naloksoni. Muulize mhudumu wa kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu badala ya unga, iliyo karibu nawe kama inapatikana na jinsi ya kuitumia. Hatari hii hupanda sana kwa mtu aliyetoka gerezani au kwenye nyumba ya upataji nafuu, pale waraibu wanapokaa ili kuacha dawa: mwili umesahau unga, yeye anarudia kiasi kilekile cha zamani. Mtu wako akitoka sehemu hizo, siku ya kwanza na wiki ya kwanza usimwache peke yake.

La nne, muulize kama amewahi kutaka kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akijibu kwamba analifikiria na ana namna ameipanga, siku hiyohiyo nendeni hospitali.

Matibabu yapangwe pamoja

Kwa mraibu wa unga, Dar es Salaam ina bahati ambayo miji mingi ya Afrika haina. Kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilifunguliwa Februari 2011, zikafuata za Mwananyamala na Temeke, na sasa huduma imefika mikoani, zikiwemo Dodoma, Mbeya na Mwanza. Dawa ni bure. Kwa kawaida mtu huinywa kila siku mbele ya mhudumu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Huanza kwa kipimo kidogo kinachopandishwa taratibu, na kwa wengi kinachotosha huwa kati ya miligramu 60 na 120. Mara nyingi kuingia kunapitia asasi zinazofanya kazi vijiweni, kwa hiyo tafuta ile inayofanya kazi eneo lake, wakuongoze.

Wiki za mwanzo kipimo bado ni kidogo na arosto inamrudia usiku. Hapo ndipo wengi huongezea kete au vidonge vya usingizi juu ya methadoni, na mchanganyiko huo, au wa methadoni na pombe, husimamisha pumzi. Mwambie mapema kwamba hali hiyo itapita kipimo kikipanda, na amweleze daktari ukweli badala ya kujitibu. Akikosa siku tatu mfululizo au zaidi, kliniki itampunguzia kipimo kwanza kwa usalama wake. Wengine huchukulia ni adhabu wakasusa kabisa. Mweleze sababu kabla haijatokea.

Kuna jambo ambalo nimeliona likiwapotezea watu wazuri matibabu. Rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, huifanya methadoni iishe mwilini haraka. Mtu aliyekuwa ametulia anaanzishiwa dawa za kifua kikuu na baada ya wiki moja au mbili arosto inamrudia akiwa anakunywa methadoni yake kila asubuhi. Anaamini methadoni imeacha kufanya kazi, anarudi kijiweni. Baadhi ya dawa za VVU hufanya hivyohivyo. Kinachotakiwa ni kuongezewa kipimo cha methadoni, na pale kinapoisha kifua kikuu, kipimo kirekebishwe tena. Anayemtibu kifua na anayempa methadoni mara nyingi hawako jengo moja. Wewe mwenye daftari ndiye wa kuhakikisha kila mmoja anajua dawa anayotoa mwenzake. Beba kadi zote mbili kila mnapokwenda.

Kwa mwenye maradhi ya akili, vidonge vya kila siku ni vigumu kwa anayelala nje: vinalowa, vinaibwa, anavisahau. Muulize daktari kuhusu sindano ya muda mrefu, kama ya flufenazini, ambayo huchomwa takribani mara moja kwa mwezi. Baada ya sindano wengine hukakamaa shingo au miguu kutotulia. Hilo lina dawa, na mtu asipopewa atakimbia sindano ya pili. Familia ikitaka pia kumwombea au kumpeleka kwa mganga, usigombane nayo. Mkubaliane mambo mawili tu: dawa haziachwi, na hakuna kufungwa kamba wala mnyororo.

Gharama ya vipimo isiwarudishe nyumbani. Kila hospitali ya wilaya ina afisa ustawi wa jamii anayeweza kumwombea msamaha mtu asiye na uwezo. Nendeni kwake kabla ya dirisha la malipo, si baada ya kushindwa kulipa.

Karatasi

Zianze mapema, maana zinakwenda polepole. Bila namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, hawezi kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, na bila laini hana pa kupokelea hata fedha ya kibarua. Anza na chochote alichonacho: cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, kadi ya mpiga kura ya zamani, kitambulisho cha mzazi. Cheti cha kuzaliwa kinaombwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, hata kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuandikishwa.

Barua ya serikali ya mtaa ndiyo inayokwamisha. Mwenyekiti ataandikaje kwamba fulani ni mkazi wake wakati halali popote? Kwa sababu hii pia napendelea chumba kije mapema. Kabla ya chumba, nendeni kwa mjumbe wa eneo analolala. Mara nyingi anamfahamu kwa miaka kuliko unavyodhani, na ushahidi wake una uzito. Ukishapata karatasi, piga kopi mbili, moja ibaki kwako.

Polisi

Kosa la uzembe na uzururaji limo katika Kanuni ya Adhabu yetu tangu ukoloni, na wanaokumbwa na misako ndio hawa. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha hapahapa kwetu, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kituoni usiende kubishana sheria. Nenda na kadi yake ya kliniki siku hiyohiyo, onana na mkuu wa kituo, mweleze kwa heshima kwamba mtu huyu yuko kwenye dozi ya kila siku na kuikosa kutamfanya augue mahabusu. Mhusika mwenyewe atembee na kopi ya kadi hiyo na namba yako nyuma yake.

Chumba

Swali la kwanza la chumba ni umbali wa kutembea hadi kliniki. Dawa ni ya kila siku, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku itamshinda. Chumba cha bei nafuu huko Chanika hakimfai mtu anayekunywa methadoni Mwananyamala. Swali la pili ni kijiwe chake cha zamani: kisiwe njiani kati ya chumba na kliniki.

Nyumba inayofaa ni ile yenye wapangaji wenye familia na mwenye nyumba anayeishi humohumo. Chumba cha uani chenye mlango wake wa nyuma, ambacho wengi hukipenda kwa faragha, kwake ni kibaya, maana wenzake wataingia bila mtu kuona. Kwa ruhusa yake, mweleze mwenye nyumba kwamba alikuwa anaumwa, sasa anatibiwa, na namba yangu ni hii. Maradhi gani, hiyo ni siri yake. Mkataba uandikwe kwa jina lake, si la kikundi, na mjumbe awe shahidi.

Fanyeni hesabu kabla dalali hajawatembeza. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Wengi watataka miezi sita, yaani 300,000, na dalali atataka kodi ya mwezi mmoja, 50,000. Tafuteni anayekubali miezi mitatu, lakini kama mnazo za sita lipeni sita. Zinamnunulia muda wa kuanza kujiwekea. Akitia 1,000 kwa siku kwenye kibubu kwa siku 180 atakuwa na 180,000, na kikundi kikiongeza 120,000 kodi ya pili imepatikana. Mpe hesabu hii tangu siku ya kwanza, ajue mnalipa kiasi gani na mnaacha lini.

Vya ndani vinunuliwe naye akichagua mwenyewe: godoro, shuka, chandarua, ndoo mbili, sufuria, sahani na kikombe, jiko la mkaa, fagio, kufuli jipya. Inatosha kuanzia. Simu nzuri, feni na mtungi wa gesi ndivyo vinavyouzwa kwanza arosto ikibana, na mtu aliyeuza kitu mlichompa hujificha kwa aibu, mnampoteza yeye pamoja na kitu. Vije baadaye.

Miezi mitatu ya kwanza ndani

Usishangae ukimkuta amelala sakafuni na godoro limesimamishwa ukutani, au ukisikia usiku alirudi kulala kijiweni. Aliyelala miaka nje, kati ya watu na kelele za magari, hupata hofu kwenye chumba kilichofungwa. Wengine hawalali mpaka taa iwake. Usimkaripie wala usimkumbushe kodi mliyolipa. Mwulize ni saa ngapi ndiyo ngumu. Kwa wengi ni jioni: asubuhi ina kliniki, mchana una pilikapilika, kisha saa kumi hakuna kitu. Weka ziara zako saa hiyo, mara tatu kwa wiki mwezi wa kwanza. Pikeni ugali na dagaa pamoja, mle, uondoke.

Maisha ya nyumba ya wapangaji yana sheria ambazo hakuna anayezisema kwa sababu kila mtu anazijua. Tarehe moja kila chumba kinatoa fedha ya LUKU. Maji yanachangwa. Choo kina zamu ya usafi, na zamu inafuata mpangilio wa milango. Ndoo ya mtu haiguswi. Mtu wako hajui, au amesahau. Wiki ya pili dada wa chumba cha pili atasema huyu mgeni anatumia umeme wa bure, naye atanyamaza kwa sababu barabarani anayekudai unamkwepa. Hapo ugomvi umeshaanza. Siku ya kuhamia, mwombe mwenye nyumba awaelezee yote hayo mkiwa wote wawili, andika kwenye karatasi, ibandikeni nyuma ya mlango, na mchango wake wa kwanza wa LUKU autoe yeye mwenyewe kwa mkono wake mbele ya wenzake.

Kisha watakuja marafiki. Usiwadharau. Ndio waliompa nusu kete alipokuwa anagaragara, ndio waliomfunika mvua iliponyesha. Kuwakatalia mlango kwake ni usaliti, na akiwakubali, mwezi hauishi chumba kimekuwa maskani na mwenye nyumba amewatoa wote. Mpe njia ya kukataa isiyomvunjia heshima: kubaliana na mwenye nyumba kwamba wageni mwisho ni saa mbili usiku na hakuna kulala, na yeye mama mwenye nyumba aitangaze kwa sauti siku wageni wapo. Hapo anayekataa si yeye, na kesho anaweza kukutana nao mchana kwenye chai bila kinyongo.

Kazi na fedha

Isitafutwe kazi inayoanza alfajiri, maana lazima apite kliniki kwanza, wala ya kumpeleka mkoa kwa wiki mbili. Kuosha magari, kubeba mizigo nusu siku, kufyatua matofali, kusaidia fundi ni mwanzo mzuri. Kazi ya vyuma chakavu anaijua tayari na italeta fedha upesi, lakini mizani nyingi ziko jirani na pale anapouziwa unga. Akiichagua, kubaliana naye apime kwenye mizani ya mtaa mwingine.

Ujira wa siku ni bora kuliko wa mwezi kwa miezi ya mwanzo. Fedha nyingi kwa mkupuo ni mtihani mkubwa. Akikuomba umtunzie, zikubali kwa maandishi tu, kiasi, tarehe na sahihi zenu wote wawili, na umpe siku anapozitaka bila kumhoji. Fedha ni zake.

Ndugu

Usiwapigie bila idhini yake. Wengine waliondoka baada ya kuuza nati za pampu ya baba au dhahabu ya dada, na jeraha lile bado bichi. Anza na mmoja ambaye mlango wake haujafungwa kabisa, mara nyingi shangazi au mjomba, na mkutano wa kwanza uwe mfupi, mchana, usiwe wa kudai arudi nyumbani. Kuomba radhi kuje wakati yeye yuko tayari, na mzee anayeheshimiwa na pande zote awepo. Kurudishwa kwao moja kwa moja kutoka barabarani, kwenye nyumba yenye watu wanaohesabu vijiko, mara nyingi hakudumu. Mtu mwenye ufunguo wake anakwenda kwa ndugu zake kama mgeni anayekaribishwa, na hilo hurahisisha mengi.

Akianguka, na unapopunguza ziara

Atavuta tena siku fulani. Wengi huvuta. Jambo la kwanza ni kuhakikisha hajapotea kliniki: methadoni inaendelea hata kama amevuta, na madaktari wamezoea kuambiwa. La pili ni chumba. Usikiachie kwa hasira. Zungumza na mwenye nyumba, lipia LUKU yake mwezi huo, funga, subiri. Akipotea siku kadhaa, nenda kijiweni ukamsalimie kama mwanzo. Kama amekamatwa au amelazwa, utajulia huko. Kumtoa kwenye chumba kwa sababu amevuta ni kumrudisha mwanzo kabisa, pamoja na kikohozi, kidonda na karatasi zake zote.

Baada ya miezi mitatu punguza ziara iwe mara moja kwa wiki, baada ya sita mara mbili kwa mwezi, na kila unapopunguza mwambie kabla. Kodi ya pili aipeleke mwenyewe. Mwachie karatasi yenye namba yako, ya msaidizi wako, ya kliniki na ya mjumbe, na nakala yake akae nayo mwenye nyumba. Ukishafika hapo, mambo matatu yakufanye uende bila kusubiri zamu ya ziara: amekosa dozi, amekosa mchango wa nyumba, au mwenye nyumba hajamwona tangu jana. La tatu usilimalize kwa simu. Nenda, gonga mlango, na kama haitiki mfungue na mwenye nyumba akiwepo.